Damu ya Kulinganishia

Kwa miaka kumi na tisa, kila aliyepimwa protini katika hospitali ile alipimwa kwa kulinganishwa na damu ya mtu mmoja, na mtu huyo hakuona haya hata kidogo kujisifu kwa hilo. Wenzake wa maabara walimbandika jina la Rula, akalipokea kwa mikono miwili. Alikuwa mrefu, mkavu, shati lake limepigwa pasi hadi kwenye kola, na alikuwa na tabia ya kuwasahihisha watu hata kwenye foleni ya chai. Kama hujawahi kufanya kazi na mtu wa namna hiyo, shukuru Mungu wako.

Chumba chake kilikuwa mwisho wa korido, baada ya stoo ya mashuka. Kulikuwa na meza ndefu, jokofu lililonguruma mchana kutwa, na dirisha moja lililotazama ukuta. Humo ndani damu ya mgonjwa ilizungushwa kwenye mashine mpaka chembe nyekundu zikatulia chini na juu yakabaki maji ya manjano. Katika maji hayo zimo protini za kila aina, kila moja na kazi yake. Rula alidondosha tone kwenye jeli nyembamba, akawasha umeme, na umeme ukazivuta protini, kila moja kwa mwendo wake. Kisha akapaka rangi, na mistari mitano ikajitokeza. Mstari wa mgonjwa unaweza kunenepa, kukonda au kupotea kabisa. Lakini huwezi kujua kwamba umenenepa au umekonda mpaka pembeni yake uwe na mistari ya mtu mzima wa afya.

Maji hayo ya kulinganishia yaliagizwa kwenye vichupa kutoka mbali. Mwaka wa kwanza wa Rula kazini, vichupa vilikwama njiani wiki tatu kwenye joto, vikafika vimeharibika. Bosi wa wakati huo, mzee aliyekuwa akihesabu siku za kustaafu, alisema bila kuinua macho, "Tafuteni mtu mwenye afya, mtoeni damu, kazi iendelee."

Rula akakunja mkono wa shati. Nani alikuwa mzima kuliko yeye? Hakuvuta sigara, hakunywa, hajalazwa hata siku moja, na ugonjwa wake mkubwa maishani ulikuwa jino. Utaratibu unataka damu ya watu wengi ichanganywe, ili kasoro ya mmoja imezwe na uzima wa wengine. Hilo alilisoma chuoni na kwenye mtihani akalijibu vizuri. Lakini kuwabembeleza watu ishirini watoe mikono ni kazi, na mkono wake ulikuwa karibu.

Vichupa havikuagizwa tena. Kila Jumatatu ya kwanza ya mwezi Rula alijitoa damu, akaizungusha, akayagawa maji yake kwenye mirija midogo na kuigandisha. Wageni waliotembelea maabara walionyeshwa ile mirija kama vile mwenye nyumba anavyoonyesha vyeti vya watoto wake.

Kulikuwa na jambo moja la ajabu, na hapa ndipo nataka usikilize vizuri. Karibu kila mtu aliyepimwa mle, mstari wake wa pili ulikuwa mnene kuliko wa Rula. Mtu mwingine angejiuliza. Rula hakujiuliza, kwa sababu jibu alikuwa nalo: mstari wa pili hupanda mwili ukiwa na kidonda au uvimbe, na nani huja hospitali bila kimoja kati ya hivyo? Jibu lenyewe lilikuwa la kweli, na ubaya wake ni huo. Akaandika "mstari wa pili umepanda kidogo" kwenye karatasi ya huyu na ya yule, mwaka baada ya mwaka, mpaka madaktari wakazoea kuyaruka maneno hayo. Mmoja wao alipenda kutania kwamba watu wa mji huu huzaliwa wamekasirika.

Rula alikuwa na mdogo wake mmoja tu wa tumbo moja, na wazazi wao walikuwa wameshatangulia. Huyo mdogo alikuwa mchomeleaji wa vyuma. Mtaa mzima ulimwita Cheche. Banda lake lilikuwa kando ya barabara, mabomba yameegemezwa ukutani, mageti yaliyoisha na yasiyoisha yamesimama juani, waya wa umeme umefungwafungwa plasta kila hatua mbili. Cheche alipenda kazi ile kupita kiasi. Geti la mtu wa kawaida alilitia maua ya chuma ambayo hakuombwa, na mwenye geti akilalamika alimwambia maua hayo ni ya bure, akitaka ayang'oe mwenyewe. Moshi ulipompanda usoni aligeuza shingo, akavuta pumzi upande wa pili, akarudi kuchoma.

Alipokuwa na miaka ishirini na tisa alianza kuishiwa pumzi. Kwanza kwenye ngazi, kisha kwenye kubeba, kisha hata kwenye kucheka. Daktari wa kifua alishangaa, maana kijana mwenyewe havuti sigara. Akaandika apimwe protini za damu. Cheche akapeleka mkono wake mwisho wa korido.

"Kaka, kama nina mimba niambie taratibu," alisema.

"Funga mdomo, unaichanganya damu."

Rula aliweka tone la mdogo wake ubavuni mwa tone lake mwenyewe. Rangi ilipokolea, aliinua jeli kwenye mwanga wa dirisha, na moyo wake ukachanua. Mistari mitano na mistari mitano, hakuna cha kutofautisha. Mstari wa pili ulikuwa mwembamba kote kuwili, ni kivuli tu. Katika watu wote waliokuwa kwenye jeli ile siku hiyo, ni Cheche peke yake ambaye mstari wake haukuwa umepanda. Rula akaandika "Kawaida", akapiga mstari chini ya neno, jambo ambalo hakuwahi kumfanyia mgonjwa mwingine. Wala hakumsubiri daktari asome kwanza. Alivua koti jeupe akaenda kwa miguu hadi bandani.

"Damu yako na yangu ni moja," alimwambia. "Wewe ni mzima kama mimi. Hiyo itakuwa pumu tu."

"Kwa hiyo niendelee kuchoma?"

"Choma. Funga kitambaa puani."

Cheche alitazama vyuma vyake, akasema basi sawa. Daktari naye alipoiona ile karatasi aliandika pumu, akampa dawa ya kuvuta kwa mdomo. Miaka kumi na miwili ikapita hivyo, na kila mwaka dawa ilizidi na pumzi ilipungua.

*

Mwaka huu maabara ilipata bosi mpya, mwanamke wa makamo, mpole wa sauti, ambaye alivaa miwani kichwani halafu akaitafuta mezani. Pamoja naye ilikuja mashine mpya ya protini. Rula aliichukia tangu sanduku linafunguliwa. Mashine haikuwa na jeli wala rangi, ilichora vilima kwenye kioo, na ilikuja na maji yake ya kulinganishia yaliyochanganywa kutoka kwa watu mamia.

"Ya kwetu ni bora kuliko hayo," Rula alisema. "Ya kwetu tunamjua mwenyewe."

"Iweke na ya kwenu basi, tuione," alijibu Bosi.

Akaiweka kwa madaha. Mashine ikachora maji ya kichupa: kilima kikubwa, kisha kidogo, kisha vingine vitatu. Halafu ikachora ya Rula. Kilima kikubwa kilikuwepo. Pale pa kilima cha pili palikuwa tambarare.

"Imetikiswa na barabara hii," Rula alisema. Akarudia. Pakabaki tambarare. Akafungua mrija mwingine, pakawa vilevile. Akajitoa damu mbichi, huku akiisema mashine maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa, na mbichi nayo ikawa vilevile. Ndipo akaanza kuwakamata watu kwenye korido. Karani wa mapokezi alikuwa na kilima. Dereva wa gari la wagonjwa alikuwa na kilima. Mama wa usafi, mwenye kisukari na magoti mabovu, ambaye Rula alimwona kila siku kama mgonjwa anayetembea, alikuwa na kilima kizuri kuliko cha wote. Walisimama nyuma yake wakitazama kioo, na hakuna aliyethubutu kucheka.

Bosi aliwaondoa watu, akafunga mlango, akavuta kiti.

"Umewahi kubanwa na kifua?"

"Hapana."

"Hata kidogo? Kwenye ngazi?"

"Siku hizi kidogo. Umri."

Bosi hakumzungusha. Ile protini ya pili, alisema, hutengenezwa kwenye ini na kazi yake ni kuyalinda mapafu. Mwili ukipambana na moshi au vumbi, hutoa vitu vikali vya kusafishia, na protini hiyo ndiyo inayovizuia visile mapafu yenyewe. Kila mtu ana maelekezo mawili ya kuitengeneza, moja la baba na moja la mama. Wapo watu wachache waliopata mawili yote yenye kosa. Ini lao hutengeneza protini iliyokunjamana, ikakwama humo humo ndani, na kwenye damu haifiki ila chembe. Watu hao huonekana wazima kabisa. Wakiishi mahali safi huweza kuzeeka. Wakiishi kwenye moshi, mapafu yao huisha wakiwa vijana.

"Wewe una bahati," alisema. "Chumba hiki hakina moshi." Kisha akauliza swali ambalo alipaswa kuuliza, na aliuliza kwa wema. "Una ndugu wa tumbo moja?"

 Mbele yake Rula aliiona ile jeli ya miaka kumi na miwili iliyopita, mistari mitano na mistari mitano, na yeye dirishani akitabasamu. Hakuogopa kwa ajili yake mwenyewe, hilo nimpe haki yake. Alishika meza kwa mikono miwili. Damu ya mgonjwa ililetwa kwake ikiwa na ugonjwa wazi, naye akaipima kwa ugonjwa ule ule, akaona vinalingana, akafurahi.

Siku mbili walifungua vitabu vya majibu tangu cha kwanza, wakitafuta wale ambao mstari wao wa pili uliandikwa kawaida. Katika maelfu walipatikana watano. Simu za wawili hazikupatikana. Ya wa tatu iliita na kukatika. Ya wa nne ilipokelewa na mwanamke aliyeuliza kwa upole, "Mlikuwa mnamtaka marehemu kwa habari gani?" Bosi ndiye aliyezungumza naye, maana Rula alikuwa ametoka nje. Wa tano alikuwa Cheche.

Daktari wa kifua hakuwa na la kuwafariji. Kuna dawa, alisema, protini yenyewe inayotolewa kwa damu za watu wengine na kutundikwa kwenye mshipa kila wiki maisha yote, lakini haiji huku, na hata ingekuja hairudishi pafu lililokwisha kuliwa. Kwa hali ya Cheche ilivyokuwa, kulikuwa na oksijeni tu. Kama ingejulikana wakati ule, alisema, wangemtoa kwenye moshi, basi, na leo angekuwa anapanda ngazi. Bosi alisema kama Rula hawezi, yeye ataenda kumwambia mgonjwa. Rula akasema hapana, ataenda mwenyewe. Alikuwa bado anaamini kwamba kosa likisemwa na aliyelitenda linapungua uzito.

*

Alikwenda Jumamosi saa sita mchana. Shemeji yake, mke wa Cheche, alimpokea mlangoni kwa uso wa watu wanaolala vipande vipande, akamwambia afadhali amekuja, yeye anakimbia dukani mara moja. Chumba kilikuwa na kitanda, kabati lenye mlango mmoja, na mtungi wa oksijeni uliosimama mahali palipokuwa pa redio. Cheche alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, ameinamia mbele, viwiko juu ya magoti, mrija puani. Mtu wa miaka arobaini na moja, mabega yamepanda hadi masikioni kwa kazi ya kuvuta hewa. Juu ya stuli mbele yake kulikuwa na karatasi, naye alikuwa anachora geti. Kuna shule ilimwahidi kazi hiyo, na alishapanga kwamba akipata nafuu wiki mbili tatu atalianza.

"Kaka," alisema kwa vipande, akipumzika kila baada ya neno moja mawili. "Una sura. Ya mtu aliyekanyaga. Msumari."

Rula aliketi kwenye kiti. Njia nzima alikuwa akiyapanga maneno, na yote yalimkimbia.

"Ile damu yako nilikosea."

"Damu gani?"

"Ya miaka kumi na miwili. Niliyokwambia ni nzima."

Cheche hakuweka penseli chini. Rula akamweleza yote, habari ya ini na protini, habari ya vichupa vilivyoharibika, habari ya mkono wake mwenyewe na Jumatatu zake. Alieleza kwa kirefu mno, kama kawaida yake, hata akajikuta anasema jinsi jeli inavyopakwa rangi, akajisikia na kunyamaza. Mtungi uliendelea kutoa sauti yake ndogo.

"Kwa hiyo siyo pumu," alisema Cheche.

"Siyo."

"Na wewe. Unayo."

"Ninayo."

"Na unapumua."

"Napumua."

"Kwa sababu hukuchoma vyuma."

"Ndiyo."

Cheche alitazama lile geti kwenye karatasi. Alikuwa amelitia maua, manne juu na mawili chini.

"Wiki ile," alisema, "wakati nangoja jibu lako, kile kiwanda cha sabuni ng'ambo ya barabara walinipa kazi ya stoo. Kukaa na funguo." Akatua kuvuta pumzi. "Kiti na feni. Nilikuwa nimeshakubali. Mashine yangu ya kuchomelea. Ilikuwa na mtu wa kuinunua, ameshaijaribu. Mke wangu alifurahi, akaninunulia na kalamu."

"Hukuniambia."

"Nilitaka nisikie jibu kwanza. Halafu ukaja." Akapumzika. "Ulikuja unacheka, kaka. Jioni ile ile nikamwambia yule mtu mashine haiuzwi."

Rula alitaka kulia na akaona hana haki hata ya hilo. Akapiga goti pale sakafuni, mtu mzima na suruali yake ya pasi, akamshika mdogo wake mguu.

"Nisamehe, mdogo wangu."

"Ngoja kwanza," alisema Cheche. "Napumua."

Rula alingoja. Ilichukua muda mrefu, na mabega yalipanda na kushuka, yakapanda na kushuka. Pumzi iliporudi, Cheche hakusema neno lililokuwa linangojwa. Alisema, "Nenda, kaka. Nataka kulala."

*

Kesho yake Rula alikwenda tena. Sasa lazima ujue kwamba watu hawa wawili walipishana miaka minne tu, walilala kitanda kimoja wakiwa watoto, na tangu wajifunze kusema walisalimiana kwa matusi ya mapenzi. Cheche hajawahi kumwamkia kaka yake kwa heshima hata siku moja. Siku hiyo aliinua kichwa, akavuta hewa, akasema:

"Shikamoo, kaka."

Rula alicheka, akidhani mzaha umerudi. Akamtazama usoni. Haukuwa mzaha.

"Marahaba," alisema.

Na yakaisha hapo. Cheche aliinamia magoti yake, na saa nzima hakusema neno jingine. Keshokutwa ikawa vilevile, na wiki nzima ikawa vilevile. Shikamoo, kaka. Marahaba. Kimya. Hakumkasirikia wala kumfukuza, na chai iliyoletwa na Rula aliinywa. Alimpa heshima yote anayostahili mkubwa, na zaidi ya heshima hakumpa kitu. Rula angelipa chochote kusikia tusi moja tu.

Shemeji hakujua lolote. Cheche hakumwambia, na Rula hakuwa na moyo wa kumwambia. "Ugonjwa umemtia adabu," alisema yule mama, akitabasamu kidogo kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi. "Miaka yote hiyo anakuita majina." Akamshukuru Rula kwa kuja kila siku, akasema hakuna kaka kama yeye.

Rula alifanya yote ambayo mtu anaweza kufanya baada ya wakati kupita. Alihamisha jiko la mkaa likae uani. Alibeba mitungi ya oksijeni begani kutoka hospitali, akipumzika kila kona, maana sasa alikuwa akiyasikiliza mapafu yake mwenyewe na kuyasikia yakichoka. Kazini walimpa barua ya onyo na kumhamishia dirisha la kupokea vipimo. Angependa wamfukuze. Ile mirija yake kwenye jokofu ilitupwa yote kwenye taka za kuchomwa, na mama wa usafi ndiye aliyeibeba.

Akampeleka kwenye mashine mpya binti wa Cheche, aliyekuwa kidato cha pili. Mtoto alikuwa na elekezo moja lenye kosa na moja zima, na daktari alisema hilo halina shida kubwa ilimradi akae mbali na moshi. Ilikuwa habari njema pekee ya mwaka huu, na Rula aliikimbiza kama mtu aliyebeba kaa la moto mkononi.

"Binti yako yuko salama," alimwambia Cheche. "Amepata la mama yake. Yuko salama."

Cheche alifumba macho, na kwa dakika moja uso wake ulilegea. Kisha akamgeukia mkewe.

"Muulize," alisema, "mashine ndiyo iliyosema. Au yeye?"

Shemeji aliangalia huyu na huyu bila kuelewa. "Mashine," Rula alijibu, akitazama sakafu. "Ni mashine."

"Basi sawa," alisema Cheche kumwambia mkewe.

Miezi mitatu tangu Jumamosi ile, Cheche alilazwa. Wodi ilikuwa ghorofa ya pili, na Rula alipanda ngazi zile kwa vituo viwili. Mrija haukutosha tena, sasa ilikuwa ni barakoa ya kufunika pua na mdomo, na daktari aliagiza mgonjwa asiivue na asisemeshwe. Geti la shule lilikuwa limeshachomelewa na fundi mwingine, bila maua.

Jumanne Rula aliingia na kusimama kando ya kitanda. Cheche alifumbua macho. Mkono wake ukaanza kupanda kuelekea kwenye barakoa.

"Usiniamkie leo," Rula alisema. "Pumzika tu. Mimi nimekuja kukutazama."

Mkono uliendelea kupanda. Shemeji alitaka kuuzuia, Cheche akautikisa mkono wake taratibu mpaka mkewe akamwachia. Akaivua barakoa, akakusanya hewa mara ya kwanza, haikutosha, akakusanya mara ya pili.

"Shikamoo," alisema, kisha baada ya muda, "kaka."

"Marahaba," Rula alijibu upesi, kwa kuogopa asije akadhani hakusikika na kurudia.

Cheche alirudishiwa barakoa na kugeuzia uso ukutani. Hakusema tena na mtu, na Alhamisi asubuhi akafa. Msibani shemeji aliwasimulia wanawake jinsi mumewe alivyojikaza kitandani ili amwamkie kaka yake, akiwa hana pumzi hata ya kuomba maji, na wanawake wakasema kweli hao walikuwa ndugu wanaopendana. Rula alikuwa ameketi karibu nao, akaitikia kwa kichwa.